Kindi wajeuri kwenye nyumba ya kushea: sisi tunaishi nao hivi

Hii nawaandikia wenzangu mlioko Uingereza kwenye nyumba za kushea, zile za vyumba vitano jiko moja, maana kila mwaka nikifika mwezi wa tatu naulizwa swali lilelile, kindi kaingia jikoni tufanyeje. Mimi niko Reading, tuko watu watano, nyuma kuna kibustani na mti mkubwa wa mwaloni, huu mwaka wa sita tunaishi na hawa viumbe na sasa hivi hakuna anayeingia ndani. Hawajahama, wapo, nawaona kila siku nikiosha vyombo.

Kwanza mjue mnadili na nani. Kindi wa huku ni wa kijivu, asili yake Amerika Kaskazini, waliachiwa hukuhuku Uingereza, Cheshire, mwaka 1876 wakasambaa mpaka wale wekundu wenyeji wakabaki sehemu chache tu. Mzito wake nusu kilo hivi lakini meno yake ya mbele hayaachi kukua, kwa hiyo lazima atafune kitu, plastiki, mbao, hata waya wa umeme. Wala baridi haimlazi, mwezi wa kwanza utamkuta nje anachimbua alichofukia.

Hatua ya kwanza ni kikao. Naomba msiiruke hii, watu wanakimbilia kununua wavu na dawa za kupuliza wakati shida iko kwa mtu mmoja ndani ya nyumba anayewapa chakula. Kwetu alikuwa mzee mmoja wa Bukavu tunamwita Papa, mtu mwema sana, alikuwa anawawekea karanga dirishani kila asubuhi kabla ya kwenda shifti. Haukupita mwezi, kindi mmoja jike mwenye sikio lililochanika akawa anakuja kugonga kioo kwa kucha, Papa akiwa kazini, kindi huyo anazunguka anapitia kidirisha cha juu cha jikoni. Siku hiyo nafungua mlango namkuta juu ya kauntari, kasimama kwa miguu ya nyuma, kakumbatia chapati yangu ya jana, foili kaichana vipande vipande imejaa kwenye sinki, ananiangalia huku anatafuna. Nikasogea hatua moja nikijua atakimbia, na yeye akasogea, akaja mbele! Hapo ndo nikaelewa woga umemtoka, na mnyama asiyekuogopa ndo anayekung'ata.

Tukakaa jioni nikasema, Papa shikamoo, tunaomba tusiwape tena, hata ganda. Aliumia kweli, akauliza "Sasa batakula nini?" Nikamtoa nje nikamwonyesha mwaloni ulivyojaa. Tukakubaliana ndege aendelee kuwalisha, lakini mwisho wa bustani, na mbegu anazichanganya na unga wa pilipili kali, maana ndege hausikii ule ukali ila kindi anausikia. Imepunguza sana, siyo kwamba imemaliza. Na mjiandae, mkiacha kuwapa wiki mbili tatu za mwanzo wanazidi ujeuri, wanagonga, wanakwaruza, mtu mmoja akiwaonea huruma siku moja tu mnaanza upya. Sisi tuliandika kwenye grupu la WhatsApp, na kila mpangaji mpya akija anaambiwa siku ileile anayopewa funguo.

Ya pili ni chakula. Mchele, unga, karanga, vyote kwenye makopo ya bati au ya kioo, plastiki kwake siyo kitu. Mkate unalala ndani ya mikrowevu. Ile ndoo ya kaunsili (halmashauri ya mji) ya mabaki ya chakula ina mkono, ukiulaza mbele kifuniko kinajifunga, wengi hawajui.

Ya tatu madirisha. Chandarua cha mbu hakifai, anakitoboa mara moja, tafuta wavu wa chuma mgumu wenye matundu madogo, uubane kwenye fremu ya mbao unayoweza kuitoa, hapo hujaharibu nyumba ya mtu.

Akiwa ameshaingia, usimkimbize na ufagio. Funga milango yote ya ndani, fungua wa nje wazi kabisa, toka, nyamaza, mpe nusu saa atoke mwenyewe. Usimshike hata kwa taulo. Aking'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano halafu piga 111, namba ya ushauri wa afya, uulizie chanjo ya pepopunda.

Sasa darini, hapa ndo watu wanakosea vibaya. Sikiliza kelele zinatokea saa ngapi. Kelele za alfajiri na jioni ni kindi, za usiku wa manane hao panya. Ukishajua ni kindi, piga picha tundu, mwandikie mwenye nyumba, na utaje nyaya kwa sababu zikitafunwa zinaweza kuwasha moto, ujumbe wa namna hiyo hauwekwi pembeni. Ila asizibe haraka. Wanazaa mara mbili kwa mwaka, kwenye mwezi wa pili na wa tatu, tena wa sita na wa saba, na watoto wanakaa kama wiki kumi kabla ya kujitegemea. Ukiziba mama akiwa nje, watoto wanakufa ndani kwa njaa, na yeye atabomoa paa kuwafuata, nimeona vigae vimeng'olewa kwa hiyo hiyo sababu na sitaki kuona tena. Mitego nayo achaneni nayo, kisheria kindi wa kijivu ukishamkamata huruhusiwi kumwachia tena, maana yake umemhukumu kifo.

Tumia gazeti. Likunje ulishindilie kwenye tundu kisha usubiri, likichanwa ujue bado wapo, likikaa vilevile siku kadhaa ujue wametoka. Sisi mwenye nyumba alitaka kuziba mwezi wa tatu tukamwomba asubiri, mwezi wa sita tukaweka gazeti, kesho yake tukalikuta chini limechanwa, tukaacha. Mwezi wa tisa tukaweka lingine, Papa akawa analikagua kila asubuhi kabla ya shifti, siku ya kwanza lipo, ya pili lipo, ya nne lipo vilevile, ya tano fundi akapanda na wavu wake.