Mdahalo wa mtihani wa leseni ya ndoano: anzeni na ubao wa kupimia

Hoja ni hii: je, anayetaka kuvua kwa ndoano kwa burudani nchini Uganda afaulu mtihani kabla ya kupewa leseni? Ukiuachia mjadala huu ujiendeshe wenyewe, kabla chai haijapoa watu watakuwa wanagombana juu ya wanajeshi waliopelekwa ziwani kukagua uvuvi. Shida ni kwamba maswali matatu yanapikwa chungu kimoja: nani aruhusiwe kuvua kwa burudani, ajue nini kabla ya kuruhusiwa, na nani amkague akiwa majini. Yatenganishe. Kwa kikao cha saa moja na nusu, leseni ipewe dakika 15, mtihani 40, ukaguzi 35. Mwenyekiti awe na saa mkononi na asiwe na upande.

Maandalizi yaanze siku moja kabla, na kifaa muhimu ni ubao wa kupimia. Tafuta ubao ulionyooka wa sentimita 120, upigilie kipande cha mbao wima mwisho mmoja, kisha ubandike rula ya chuma ikianzia sifuri pale pale kwenye hicho kipande. Chora mistari miwili myekundu: inchi 11, kipimo cha chini cha ngege (tilapia), na inchi 20, cha sangara (mputa, kwa wengi wetu). Samaki hulazwa ubavu, mdomo umefungwa na kugusa mbao ya wima, halafu unasoma pale mkia unapoishia.

Sasa kata karatasi ya boksi upate samaki wa bandia, mfano wa sangara, mwenye urefu wa sentimita 50.4. Usinunue sangara mchanga kwa ajili ya onyesho. Kukutwa naye ni kosa, na kikao cha sheria kinachoanza kwa kuvunja sheria hakina uso. Ongeza ngege mmoja halali wa sentimita 30 hivi, na tepu ya fundi cherehani.

Kabla mtu yeyote hajasema neno, kila mjumbe apime wote wawili, aandike kwenye karatasi bila kuonyesha jirani, na aseme kama yule wa boksi anabaki au anarudi majini. Mambo mawili yatajitokeza. Watakaotumia tepu juu ya mgongo na tumbo la ngege watapata urefu wa kupita kiasi, maana tepu inafuata mviringo. Na yule wa boksi atawagawa: watu wengi husema “sentimita 50” kwa mazoea, lakini inchi 20 ni sentimita 50.8. Kwa rula moja amepita, kwa nyingine ni haramu. Soma majibu kwa sauti. Wakongwe wakitofautiana, upande wa mtihani umepata hoja ambayo hakuna hotuba itakayoipiku. Wakikubaliana wote, wapinzani wana haki ya kuuliza mtihani ni wa nini.

Wanaotaka mtihani watataja Ujerumani, ambako mvuvi wa burudani kwa kawaida hufanya mtihani wa aina za samaki, maji, zana na sheria. Wanaopinga watataja Uingereza: unalipia leseni ya fimbo ya kuvulia, hakuna anayekuuliza swali, ila ukikutwa bila hiyo leseni unaweza kupelekwa mahakamani. Mifano hiyo ni sawa, lakini isitafune muda. Atakayeleta Ujerumani aulizwe papo hapo mtihani wake utakuwa kwa lugha gani pale mwalo wa Ggaba, Kampala. Mtihani wa Kiingereza cha kuandika utampitisha mgeni wa hoteli na kumwangusha kijana anayemwendeshea mashua, ambaye ndiye anayejua samaki. Kwa maoni yetu, mtihani wowote unaofaa hapa ni wa mdomo na wa mikono.

Hoja nzito zaidi ya kutaka mtihani haimo kwenye rula kabisa. Ngege jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Anaweza kuwa na inchi 12, halali kila upande, na bado akawa amebeba kizazi kizima. Ukimnyanyua kwa pupa anakitema ndani ya mashua. Hakuna mkaguzi atakayekushika kwa hilo. Ni ujuzi tu unaomwokoa: ukiona mdomo umevimba, mwache majini, chomoa ndoano humo humo. Sangara naye ana lake. Akivutwa haraka kutoka kilindini, kibofu chake cha hewa hutanuka mpaka tumbo linasukumwa kutokea mdomoni. Ukimrudisha hivyo, anaelea ubavu na kufa, huku karatasi inasema umetii sheria. Kwa hiyo anayepanga kuwaachia samaki wake avue maji ya kina kifupi. Waulizwe wapinzani: bila mtihani, haya atafundishwa na nani?

Pia msichanganye maji. Chini ya maporomoko ya Murchison, kwenye Mto Nile, sangara ni mwenyeji, na desturi ya huko ni kumwachia. Ziwa Victoria aliletwa miaka ya 1950, akawatafuna nkeje, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo. Swali la “arudishwe au asirudishwe” halina jibu moja kwa nchi nzima.

Kwenye ukaguzi ndipo sauti hupanda. Tangu jeshi lipelekwe ziwani mwaka 2017, kumekuwa na malalamiko ya vipigo na mitumbwi kuchomwa, na kumekuwa pia na wanaosema samaki wamerudi. Mwenyekiti apokee dai likiwa na vitu vinne tu: mahali, saa, zana iliyokutwa, hatua iliyochukuliwa. Majina ya watu yabaki nje. Mtu akianza kuzungumzia mashua ya futi 28 au nyavu za inchi 5 na 7, mkumbushe kwamba hizo ni kanuni za uvuvi wa biashara.

Mwisho ni maneno ya hoja yenyewe. “Leseni iwe na mtihani” haipigiwi kura. Kila mtu ataielewa kivyake. Andika hivi: “Mwombaji wa leseni ya ndoano apime samaki watatu kwenye ubao, atambue ngege mwenye vifaranga, na aeleze namna ya kumrudisha sangara, kwa lugha anayoichagua, kosa la kwanza la kipimo liwe onyo la maandishi.” Ikipita, nakala iende kwa afisa uvuvi wa wilaya na Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi. Kama inahusu maji ya ndani ya hifadhi, ipelekwe kwa Mamlaka ya Wanyamapori, la sivyo italala kwenye faili la ofisi isiyohusika.