Hukumu ya Rufaa Imetoka: Namna ya Kuifuatilia Hadi Korti ya Chini Iitekeleze

Familia nyingi hushangilia hukumu ya rufaa inaposomwa, kisha siku zinapita na mtu wao bado yuko gerezani. Kati ya jaji aliyetoa amri na lango la gereza kuna karatasi, faili na makarani, na popote hapo mambo yanaweza kukwama. Mimi ni wakili wa rufaa za jinai hapa Kenya. Mwongozo huu ni wa mwenye ndugu ndani, na wa wakili chipukizi anayeshika faili ya aina hii kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 1: Anza na aya za mwisho

Sababu za jaji zina uzito wake, lakini kinachotekelezwa ni amri. Chini ya kifungu cha 354 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Mahakama Kuu inaweza kufuta hatia na kumwachilia mrufani, kuagiza kesi isikilizwe upya, kupunguza adhabu, au hata kuiongeza. Nakili maneno ya amri jinsi yalivyo. Usitegemee ulichosikia ukiwa umeketi nyuma kortini.

Hatua ya 2: Hakikisha amri imeshuka

Kifungu cha 355 kinaitaka Mahakama Kuu iithibitishe hukumu yake kwa korti iliyosikiliza kesi mwanzo. Korti hiyo nayo hutoa amri zinazolingana na hukumu hiyo na kurekebisha rekodi yake pale inapobidi. Kwa hiyo nenda kwenye ofisi ya sajili ya korti ukiwa na nambari mbili, ya rufaa na ya kesi ya awali, kwa sababu karani wa chini anaijua ile ya awali tu. Omba nakala ya hukumu iliyoidhinishwa, kisha uliza kama faili ya awali imerudishwa. Ukijibiwa kwamba bado, andika barua na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 3: Akiwa ameachiliwa

Gereza halifungui lango kwa habari ya simu. Linasubiri hati ya kuachiliwa kutoka mahakamani, na jina na nambari ya kesi lazima vilingane na vilivyo kwenye kumbukumbu zao. Kagua herufi za jina kabla hati haijaondoka kortini. Angalia pia yale maneno ya kawaida, "isipokuwa kama anazuiliwa kwa sababu nyingine halali". Mtu mwenye kesi nyingine au kifungo kingine hatatoka kwa hati hii peke yake.

Hatua ya 4: Kesi ikirudishwa isikilizwe upya

Hapa mrufani amerudi kuwa mshtakiwa. Hatia na kifungo vimefutwa, ila mashtaka yapo. Mara nyingi amri huelekeza apelekwe kwa hakimu mwingine tarehe fulani. Atasomewa mashtaka upya, mashahidi wataitwa tena, na anaweza kuomba dhamana chini ya Kifungu cha 49(1)(h) cha Katiba. Iombe siku hiyo hiyo ya kwanza. Hakimu hana mamlaka ya kuhoji kama kesi ilistahili kurudiwa. Hoja hiyo ilikuwa ya kule juu, ambako tangu kesi ya Fatehali Manji ya 1966 majaji hukataa kurudisha kesi ili tu upande wa mashtaka uzibe mapengo ya ushahidi wake.

Hatua ya 5: Hukumu ikiwa ya kesi ya mtu mwingine

Wakati mwingine unataka kumsaidia ndugu yako kwa hukumu iliyotolewa katika kesi ya mwingine. Hapa ndipo watu huumia zaidi. Kifungu cha 163(7) cha Katiba kinazifunga mahakama nyingine zote kwa maamuzi ya Mahakama ya Juu. Lakini zinafungwa na kile kilichoamuliwa, si na matumaini yetu.

Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilikiuka Katiba kwa kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji. Adhabu yenyewe ya kifo haikufutwa. Kilichoondoka ni ulazima wake. Hata hivyo magerezani habari zilienea kama moto wa nyika. Waliofungwa kwa wizi wa mabavu na kwa unajisi waliomba adhabu mpya, na mahakama za chini zikawapa wengi wao. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo: uamuzi wa Muruatetu unahusu mauaji peke yake. Mwaka 2024, katika kesi ya Jamhuri dhidi ya Mwangi, ikarudisha kifungo cha miaka 20 kwa kosa la unajisi baada ya Mahakama ya Rufaa kukipunguza hadi 15.

Kwa hiyo kabla ya kuandika ombi la adhabu mpya, linganisha kosa na kifungu cha sheria. Kama ni mauaji na adhabu ilitolewa kwa ulazima wa kifungu cha 204, ombi huenda Mahakama Kuu. Kama bado kuna rufaa Mahakama ya Rufaa, inapaswa kuondolewa kwanza. Maelekezo ya 2021 yanataja mambo ya kupimwa: umri, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, jinsi kosa lilivyotendwa, athari kwa familia ya marehemu, majuto, na uwezekano wa kurekebika. Kusanya ushahidi wa kila moja: vyeti vya mafunzo ya gerezani, ripoti ya afisa wa probesheni, barua ya chifu. Usiikwepe familia ya marehemu. Ina haki ya kusikilizwa, na jaji atataka kujua wanasemaje.

Hatua ya 6: Hakimu asipoifuata hukumu

Mfano wa kila siku ni siku za rumande. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinataka zihesabiwe, na Mahakama ya Rufaa imekwisha kusema kwamba kuzitaja bila kuzipunguza kwenye kifungo hakutoshi. Zikiachwa, omba marejeo, yaani Mahakama Kuu iukague uamuzi wa hakimu, chini ya vifungu vya 362 na 364 vya sheria hiyo hiyo. Ila kama ulikuwa na haki ya rufaa na hukuitumia, kifungu cha 364(5) kinaweza kukufungia njia hiyo, kwa hiyo hesabu kwanza siku 14 za kukata rufaa. Katika ombi ambatisha hukumu ya hakimu, hati ya kifungo, na nakala ya uamuzi unaoutegemea, aya yenyewe ikiwa imewekwa alama.