Panda darini kabla hujasaini: nyumba za zamani Marekani na asbesto

Naandika hii nikiwa likizo Tabora, nimekaa barazani kwa mama huku Ng'ambo na sahani ya matobolwa, na kila ndugu anayepita anauliza eti "nyumba umenunua mbona hujatutumia hata picha?" Nilikuwa naona aibu, basi. Ila binamu yangu wa Kigoma anamfuata mumewe Minnesota na tayari wanatumiana picha za nyumba za kununua usiku kucha, kwa hiyo wacha niseme.

Yangu iko Minneapolis, ilijengwa 1951. Mambo ya benki, ajenti, malipo ya kwanza, hayo kila mtu atakufundisha mpaka uchoke. Mimi nilinaswa darini.

Kabla hujanunua unamlipa inspekta anakuja kukagua. Wangu alizunguka masaa matatu, akafungua mabomba, akapima umeme, akaniletea ripoti ya kurasa 40, mpaka kitasa kilicholegea kilikuwemo. Kuhusu dari mstari mmoja tu: kuna insulesheni ya kumwaga, yaani vitu vya kuzuia baridi vinavyomwagwa juu ya dari, kama inchi sita. Nikasema poa, baridi ya kule hainipati tena. Kumbe kwenye mkataba wake, ukurasa wa mwisho, maandishi ya sisimizi, ameandika kwamba asbesto, yale madini ya nyuzi nyuzi yanayoleta kansa ukivuta vumbi lake, hakagui. Na sio yeye peke yake, ndio kawaida yao. Narudia tena maana najua utaruka: inspekta wa nyumba sio mpima asbesto. Soma mkataba wake kabla hujamlipa, uliza kwa mdomo, na ujibiwe kwa maandishi.

Kilichonimaliza zaidi ni ile fomu ya rangi. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, sheria ya serikali kuu inamtaka muuzaji akwambie anachojua kuhusu rangi yenye madini ya risasi, na kijitabu unapewa. Nikasaini nikijua sumu zote zimeshatajwa. Wapi! Asbesto haina sheria ya namna hiyo kwa muuzaji wa nyumba, serikali kuu haimlazimishi akwambie. Majimbo yana fomu zao lakini muuzaji anaweka tiki kwenye "sijui" na maisha yanaendelea. Hakuniuliza mtu, na mimi sikuuliza.

Miezi minane baadaye nikaita fundi aweke feni ya bafuni. Akapanda ngazi, akasukuma kifuniko cha dari, akamulika tochi, hata dakika haikuisha akashuka, akakunja ngazi, akaniambia yeye harudi humu mpaka ile kitu itolewe. Punje chache zilikuwa zimedondoka kwenye zulia la korido. Ndogo kama kokoto, kahawia yenye kung'aa kama fedha, ukiangalia kwa karibu zina matabaka matabaka kama kitabu kilicholowa kikavimba. Nzuri kabisa, mtoto angeziokota kuchezea.

Hiyo ndiyo ile insulesheni ya darini, inaitwa vermikulaiti. Sehemu kubwa ya iliyouzwa Marekani kuanzia 1919 mpaka 1990 ilitoka mgodi mmoja wa Libby, Montana, na mgodi huo ulikuwa na asbesto humo humo. Hata Minneapolis kulikuwa na kiwanda cha kuichoma, mabaki yakawa yanarundikwa nje watu wajichukulie bure kuweka bustanini, watoto wanapanda lile lundo. Huzioni nyuzi zake na leo hukohoi, kansa ya mesotelioma inaweza kuja baada ya miaka 30 au 40.

Mpwa wangu alikuwa kwangu, akakimbilia vakyumu, ile mashine ya kunyonya vumbi. Nilimdaka mkono. Vakyumu ya kawaida inanyonya nyuzi inazitoa kwa nyuma inazisambaza nyumba nzima. Ufagio vile vile, usithubutu. Na ukiambiwa "chukua kidogo upeleke maabara", kuwa makini, sampuli moja ikisema hakuna haimaanishi hakuna, serikali yenyewe inashauri uichukulie kama ina asbesto. Usipande, usiweke maboksi huko, ziba nyufa za dari. Ikibidi kutolewa, watu wenye leseni. Piga picha zote kabla haijaguswa, maana ikiwa ni Zonolite, chapa ya vermikulaiti iliyouzwa kwa ajili ya dari, kuna mfuko wa fidia unaorudisha sehemu ya gharama, ila wanataka ushahidi.

Mimi nilitajiwa dola 11,000. Bima ikakataa.

Nilivyowapigia simu nyumbani, shangazi akaniambia "si ungewapa vijana wawili na chakula cha mchana wafagie?" Shangazi yangu, nakupenda, lakini hao vijana ni wa nani?

Na jirani! Mzee wa kizungu, kakaa pale tangu ujana. Nilipomsimulia akatikisa kichwa, akasema ndio, yule mwenye nyumba wa zamani alikuwa anaogopa kupanda juu kwa sababu hiyo. Alijua! Alikuwa ananipungia mkono siku naletwa kuiangalia. Hapa Tabora kabla hujamfikia mwenyekiti wa mtaa mama muuza vitumbua ameshakunong'oneza kiwanja kina kesi. Kule majani yako yakirefuka halmashauri inakuandikia barua, lakini sumu ya darini ni "mambo ya mtu binafsi". Sio roho mbaya, ndivyo walivyolelewa, ukitaka kujua gonga mlango uulize. Kwa hiyo binamu, gonga.

Bamdogo naye, huku tunaongea haya, ameezua nyumba ya zamani aliyonunua Cheyo, zile bati za asbesto za saruji zimelala chini ya mwembe, anataka azikate kwa msumeno afunike banda la kuku. Nimemwambia zikiwa nzima juu zinatulia, kukata na kuvunja ndio kunatoa vumbi lenyewe. Akacheka, "mwanangu, tumelala chini ya hizi toka uhuru." Nimezilowesha maji, nimezifunika turubai, na msumeno nimeuficha chumbani kwa mama.