Asidi kwenye chakula cha ng'ombe wa kunenepesha, itumie hivi

Wafugaji wenzangu wa Dodoma, ukiuziwa unga au maji ya asidi ukaambiwa hii ndo inanenepesha, tulia kwanza. Kinachonenepesha ni pumba, mashudu ya alizeti na molasi, asidi kazi yake kulinda tumbo lisichachuke pale unapompa ng'ombe pumba nyingi.

Utauliza asidi inazuiaje uchachu? Iko hivi, wanga ukizidi ghafla bakteria wa tumbo kubwa wanazalisha asidi ya laktiki kwa wingi, ng'ombe anasusa kula, hacheui, kinyesi kinakuwa maji maji kinanuka uchachu, akizidiwa analala chini na kufa. Sasa asidi ya maliki inawapa nguvu bakteria wengine wanaokula hiyo laktiki na kuigeuza asidi ya propioniki, ambayo ini linaitengenezea sukari. Asidi ya fumariki nayo inaelekea huko huko.

Ila ng'ombe aliyetoka mnadani Msalato kazoea majani makavu, usimmwagie pumba siku ya kwanza eti kwa sababu una asidi. Pandisha kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi tatu, na mabua ya mtama yasikosekane kwenye hori maana ndo yanamfanya acheue, na mate ya kucheua yanapunguza uchachu bure kabisa.

Kipimo fuata lebo, tumia mzani sio konzi. Unga wake changanya kwanza na kilo chache za pumba mpaka ukolee sawasawa, halafu hizo ndo utawanye kwenye lundo lote na kugeuza kwa koleo mara kadhaa, la sivyo ng'ombe mmoja atakula dozi ya zizi zima. Asidi za maji, yaani fomiki na propioniki, zinaunguza ngozi na macho, vaa glovu na miwani, upepo uwe mgongoni (na upepo wa Dodoma mnaujua), na ukizimua mimina asidi kwenye maji, kamwe sio maji kwenye asidi.

Propioniki pia inazuia ukungu kwenye pumba zenye unyevu, lakini sumukuvu (sumu inayotengenezwa na ukungu) ikishaingia haiitoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara, so pumba zilizoota ukungu tupa tu.

Mwenye ng'ombe wanaokula zaidi majani, mi naona asinunue kabisa. Wengine gawa kundi mara mbili, nusu wape asidi nusu usiwape, pima uzito kila wiki mbili, uone kama hela inarudi.