Kwa Mkapa hatoki mtu, hata wa kwenda kununua maji

Mimi ni mama lishe hapa Temeke, mwaka wa kumi na nne sasa, na ni Simba tangu tumboni mwa mama. Siku ya dabi, Simba na Yanga, nafunga banda mapema, navaa jezi, natembea kwa miguu mpaka uwanjani. Kwa hiyo malalamiko ya chakula cha uwanjani nayajua kutoka kwa anayeuza na kutoka kwa anayelia.

Msimu mmoja, kwenye uwanja ambao sitautaja, niliacha kiti dakika ya 43 nikawahi foleni ya chipsi. Nikakuta watu kama ishirini wameniwahi. Kijana yuko peke yake: anakaanga, anakata kachumbari, anapokea hela, anatafuta chenji. Mapumziko yakaisha bado niko kwenye foleni. Nimeshika sahani tu, uwanja ukalipuka. Bao, tena letu! Nililiona kesho yake kwenye simu ya mwanangu. Na zile chipsi za elfu nne zilikuwa zimelala tangu mchana, ukiinua moja inainama kama mgonjwa.

Nilikasirika mno. Ila narudi kitini, nikapiga hesabu ya kimama lishe. Mapumziko ni dakika 15. Ukimhudumia kila mtu kwa nusu dakika, tena bila ubishi wa chenji, umehudumia watu 30. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Weka wauzaji mia tano wenye mikono mepesi, wamelisha watu 15,000, robo tu ya uwanja. Ndiyo maana yule kijana alikaanga mapema. Angengoja filimbi asingeuza kitu. Na bei ni hivyo hivyo. Mimi wali ukibaki mchana kuna wateja wa jioni. Yeye mechi ikiisha, kilichobaki anakula na wanawe. Simtetei, chipsi zilikuwa mbaya. Nasema tu kwamba njaa ya uwanjani inamalizwa kabla ya kufika getini.

Mechi ikiwa saa 11 jioni, kula saa 7 mchana, tena kula kweli: wali maharage na mchicha, au ugali na samaki wa mchuzi. Dagaa wa chumvi waache, watakufanya ulilie maji kuanzia dakika ya kumi. Mitaa ya kuzunguka uwanja, Temeke na Chang'ombe, imejaa mama lishe. Chagua penye sufuria inayotoa mvuke na mafundi au madereva wamejazana; hao hawali pabaya mara mbili.

Maji ndiyo yenye kesi ndefu. Mechi kubwa chupa zinaweza kuzuiwa getini, na sababu tunaijua, tumeona zikiruka kuelekea kwa mwamuzi. Usibishane na mlinzi, atakushinda na foleni yote itakuzomea. Kunywa chupa yako taratibu kuanzia nyumbani, imalizie kwenye mstari, kisha pitia chooni kabla hujatafuta kiti. Ukishakaa, nunua maji kwa mchuuzi wa kwanza anayepita, hata kama huna kiu. Akija wa pili jua limeshapiga na kila mtu anamwita yeye. Kizibo kifungue mwenyewe: ile pete ya chini lazima ikatike mkononi mwako, usikie "ka!" Kikifunguka kimya kimya, rudisha. Chupa tupu zinaokotwa, na bomba la maji haliko mbali.

Hela, jamani. Usiende na msimbazi mmoja mzima ukidhani unamheshimisha mnyama, yaani Simba yetu. Noti ya elfu kumi kwa maji ya buku, mchuuzi ataingia mfukoni, atatoka, ataenda "kuvunja" kwa mwenzake, na wewe utakaa unamtafuta kwa macho badala ya kuangalia mpira. Beba buku buku na sarafu za jero. Wa kulipa kwa simu nao wajiandae: uwanja ukijaa, mtandao unazunguka tu, muamala hauendi wala haurudi, na nyuma yako watu wanatukana.

Ukilazimika kununua chakula ndani, nunua chenye ganda lake. Yai limenywe mbele yako, chungwa likatwe ukiona, karanga na korosho hazina tatizo. Mshikaki sawa, lakini mwambie aurudishe kwenye mkaa mpaka uchuruzike mafuta, akigoma, mwachie. Kachumbari sili. Hata yangu mwenyewe, ikikaa kwenye joto la Dar saa mbili naimwaga. Juisi yenye barafu usiyoijua maji yake nayo ipite.

Kama ni foleni, nenda dakika ya 20 hadi ya 30 kipindi cha kwanza, timu zikiwa bado zinapimana. Au ngoja dakika kumi za kipindi cha pili zipite, foleni itakuwa imekatika. Nendeni kwa zamu, mmoja alinde viti na asimulie. Mwenye watoto asitegemee foleni kabisa: ndizi, kashata, na maandazi mawili kwenye mfuko wa karatasi. Mlinzi akikataa, wale pale pale getini. Siku kama ya Simba Day, burudani kwanza na mechi baadaye, zidisha hivyo vyote mara mbili.

Wasimamizi wa viwanja nao nina neno moja kwao. Pandisheni wachuuzi wengi zaidi kwenye ngazi, wenye vitambulisho na bei zilizoandikwa kifuani, mtu aletewe alipokaa. Vibanda vya chini viachieni wapenda foleni.

Mimi utanikuta jukwaa la mzunguko, na karanga za kukaanga mwenyewe usiku wa kuamkia mechi, za kutosha watu watatu. Ukiwa Yanga usione haya kuomba. Nitakupa zile za chini zilizoungua.