Somo: Kokoa ina maua mengi lakini haizai? Mlishe usubi kwanza

Kila mvua zikianza swali hili linarudi, na anayeuliza huwa ameshanunua chupa ya dawa. Naandika jibu lote hapa, mtu akiuliza tena nimwelekeze. Nawaza zaidi mashamba ya Kyela na Busokelo, mkoani Mbeya, ambako kokoa na migomba vinakaa shamba moja.

Angalia ua kwanza. Ni dogo, limeota kwenye shina lenyewe, na chavua yake inanata, kwa hiyo upepo hauibebi. Tena imefichwa ndani ya vikofia vya petali ambavyo nyuki wa asali hawezi kuvipenya. Anayeingia ni usubi, mdudu wa milimita 1 hadi 3. Asipofika, ua linaanguka baada ya siku moja au mbili. Hata shamba likiwa zuri, katika maua 100, yanayoshika tunda kwa kawaida hayafiki 10. Usubi huyu anazaliana kwenye uozo wenye unyevu na kivuli. Shamba lililofagiliwa mpaka udongo unang'aa halina pa kumlea, na mbolea ya kupulizia majani haitamleta.

Hatua ya 1. Acha majani ya kokoa yaliyoanguka chini ya miti.

Hatua ya 2. Ukishavuna mkungu, katakata shina la mgomba vipande vya urefu wa mkono, uvirundike pamoja na maganda ya kokoa.

Hatua ya 3. Chagua kinachoingia kwenye rundo. Tafadhali soma hapa taratibu, maana ndipo watu wanapopanda ugonjwa kwa mikono yao. Ganda la tunda lenye doa la kahawia linalosambaa na kuwa jeusi USILIWEKE. Vimelea vya Phytophthora, vinavyoozesha matunda ya kokoa, hubaki hai ndani yake, na tone la mvua likipiga rundo huvirusha hadi kwenye matunda ya chini. Maganda hayo yatoe shambani au yafukie. Maganda yasiyo na ugonjwa yanafaa, lakini yasiegemee shina la mti. Kuhusu mgomba: shina likikatwa na kutoa usaha wa rangi ya maziwa au njano, au ndizi zikiiva kabla ya wakati na ndani zina rangi ya kahawia, huo ni ugonjwa wa mnyauko. Mgomba huo usiuburute kupita shambani, na panga uliyokatia ipitishe kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Halafu kuna fukusi wa migomba, mdudu mharibifu ambaye anafuata harufu ya shina bichi. Rundo likae upande wa kokoa, mbali na mashina ya migomba. Mabaki yanayobaki karibu na migomba yapasue kwa urefu yakauke haraka.

Hatua ya 4. Weka marundo madogo mengi kivulini, katikati ya miti. Rundo moja kubwa pembeni halisaidii, usubi haruki mbali.

Hatua ya 5. Rundo likikauka, limwagie maji. Likigeuka udongo, ongeza vipande vipya.

Hatua ya 6. Anza mwezi mmoja kabla ya maua mengi. Kutoka yai hadi mdudu kamili ni kama wiki tatu hadi nne.

Hatua ya 7. Usipulize dawa ya wadudu asubuhi wakati maua yako wazi. Ndio muda wa usubi kufanya kazi.

MASWALI

Mkulima wa Ipinda: Mkuu, maganda yote tu natupia, si ndiyo?
Jibu: Hapana. Hatua ya 3.

Mkulima wa Ipinda: Nina haraka kidogo, nifupishie.
Jibu: Ganda lenye doa jeusi lisiingie. Mengine rudi usome, shamba ni lako.

Dada wa Turiani: Shikamoo. Usubi si ndio hao wanaotuuma jioni? Tutawafuga tena?
Jibu: Marahaba dada. Ni ukoo mmoja, ila wanaochavusha kokoa si hao wanaokuuma.

Kijana mpya: Hii ni nadharia tu. Nani kaijaribu?
Jibu: Kaskazini mwa Queensland, Australia, watafiti waliongeza maganda ya kokoa chini ya miti na matunda yaliyoshika yakaongezeka. Matokeo yalichapishwa 2017. Kama huamini, weka marundo nusu ya shamba, nusu nyingine iache, uhesabu mwenyewe.

Mama wa Bundibugyo: Mti wangu mmoja unachanua sana kila mwaka, hauzai, na jirani zake wanazaa. Uozo upo wa kutosha.
Jibu: Swali zuri sana, mama. Miti mingi ya kokoa haikubali chavua yake yenyewe, wala ya mti wa mbegu inayofanana nayo mno. Usubi anafika lakini analeta chavua isiyofaa. Panda aina nyingine karibu, au bebesha, yaani unganishia mti huo kijitawi cha mti unaozaa vizuri. Ndiyo maana kuchanganya aina shambani ni bora kuliko kupanda aina moja tupu.

Mama wa Bundibugyo: Asante. Na vitunda vichanga vinavyokauka vyeusi mtini?
Jibu: Vikianza kwa kuwa njano, vikasinyaa vizima na kubaki vimening'inia, mara nyingi ni mti wenyewe unapunguza mzigo usioweza kuulisha. Ukiongeza uchavushaji utaona vingi zaidi, kwa hiyo rudisha samadi na mboji chini ya mti. Vikianza kwa doa linalosambaa, ni ugonjwa. Vitoe mapema, kila mara unapopita.

Mkulima wa Beni: Sisi huku tunavuna kwa kulisokota tunda mpaka linyofoke. Kuna ubaya?
Jibu: Upo, ndugu yangu, na afadhali umeuliza. Tunda linatoka kwenye kifundo kilekile kitakachotoa maua msimu ujao. Ukilinyofoa, kifundo kinachanika, maua hayarudi pale na ugonjwa unapata mlango. Kata kikonyo kwa kisu kikali au mkasi, acha kipande kidogo mtini. Yaliyo juu tumia ndoano yenye makali, usipande mti.