Praktiko ya bloku ya kioo: angalieni miguu ya pini

Jamani mnaojiandaa na praktiko ya fizikia, ile ya bloku ya kioo na pini ya kufuatilia mwanga unavyopinda ukipita kwenye kioo, ukichungulia upande wa pili usilinganishe vichwa vya pini, angalia miguu yake pale inapochoma karatasi, maana pini ikiinama kidogo tu vichwa vinakudanganya na mwali wako unaenda kombo. Ziachanishe kama sentimita 5 hivi au zaidi. Halafu pembe zote pima kutoka kwenye nomali, yaani ule mstari unaosimama nyuzi 90 na uso wa kioo, sio kwenye uso wa kioo! Swali likisema mwali umefanya nyuzi 35 na uso, toa kwenye 90, i (pembe ya mwali unaoingia) ni 55, na kwa kioo chenye kipimo cha kupinda mwanga (refractive index) 1.5, r (pembe ya mwali ndani ya kioo) inakuja kama 33, ukiweka 35 moja kwa moja unapata 22 na nusu na maksi zinaenda hivyo hivyo, inauma sana.